Fundi Bati na Saa ya Kunyamaza

Kona ile sasa iko kimya. Kwa miaka kumi na minane palikuwa na nyundo pale. Ilianza mara tu duka la mkate lilipofungua mlango, ikaendelea hadi watu wa ofisini waliporudi makwao, na sisi tulioishi upande wa pili wa barabara tulijifunza kuzungumza katikati ya mapigo. Wapo waliolalamika. Yupo pia mama mmoja aliyeapa kwamba kichanga chake hakipati usingizi bila mlio ule. Siku fundi alipofungasha mikasi yake akaondoka, watu wa mtaa waliendelea kupaza sauti kwa wiki nzima bila sababu, hadi muuza nyanya mmoja alipokatiza katikati ya kutaja bei, akaitazama kona, akasema taratibu, "Kumbe tumekuwa tukigombana miaka yote hii."

Fundi hakufa. Wala hakufilisika. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akitoweka mtaani, watu humzika kwanza, kisha ndipo huuliza alikokwenda. Fundi Bati aliondoka kwa ajili ya binti yake, na habari hiyo inaanzia mbali kidogo.

Kazi yake ilikuwa kuikunja bati mpaka iwe chombo. Alitengeneza ndoo, makarai, faneli za mafuta na makopo ya kumwagilia bustani, na zaidi ya yote masanduku ya wanafunzi wa bweni. Masanduku yake yalikuwa sawasawa kama mapacha. Ukiyapanga kumi ukutani, jicho halikuweza kusema lipi alianza nalo na lipi alimalizia. Mkono wake haukuvumilia kitu kilichopinda. Ukimkaribisha chai, kijiko chenye kasoro kilikuwa kimenyooka kabla hamjamaliza kujuliana hali. Na alipokuwa kazini alishika ribiti mdomoni, zile pini fupi za kuunganishia bati, akizisukuma nje moja moja kwa ulimi kadiri alivyozihitaji. Ndiyo maana wateja wapya walidhani ni mtu wa maneno machache. Akishazitema zote, alikuwa na la kusema juu ya kila jambo, kuanzia mvua hadi ndoa za watu.

Shule aliiacha akiwa darasa la nne. Mwalimu wao alikuwa na desturi ya kusoma matokeo kuanzia mkiani, na jina la kwanza kusomwa lilikuwa lake, muhula baada ya muhula. Siku moja lilipotamkwa alisimama kana kwamba ameitwa nje, akapita mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi kibanda cha mtu aliyekuwa akiziba masufuria, na hakurudi. Mkewe alisimuliwa jambo hilo mara moja tu, wakiwa bado wachumba. Mtu mwingine angechukia kupangwa kwa namba maisha yake yote. Yeye alijifunza somo tofauti: kwamba namba ni kitu kikubwa kuliko mtu, na kwamba mtoto wake hatakaa mkiani.

Mtoto alikuja mmoja, wa kike. Walimpa jina la bibi yake, lakini mtaa ulimwita Chiriku, kwa sababu aliongea tangu hajasimama vizuri. Aliongea na kuku, na sufuria, na mvua ikidondoka kwenye ndoo za baba yake zilizopangwa nje. Kisha akaanza shule, na ndani ya muhula mmoja sauti ikakauka. Ripoti ya kwanza ilisema ni wa sitini na moja kati ya sitini na watatu. Baba akamhamisha. Katika shule ya pili, ya kulipia, akawa wa arobaini kati ya arobaini na mmoja.

Fundi akaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Kila alasiri alimkalisha binti yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamsomesha jedwali la kuzidisha kwa nyundo ya mbao. Jibu sahihi, pigo moja mezani. Jibu baya, mapigo mawili. Hakumgusa mtoto hata kwa kidole, na alijivunia jambo hilo. Lakini Chiriku alianza kukunja mabega kila nyundo ilipoinuka, hata ilipoinuliwa kwa ajili ya karai la mtu.

"Baba Chiriku," mkewe alimwambia siku moja, akiwa ametoka kazini kwake zahanati, ambako alisafisha vyumba vya wagonjwa, "huyu mtoto anakuogopa."

"Ananiogopa? Nimempiga lini?"

"Sikusema unampiga. Nimesema anakuogopa."

"Akifika kumi bora ataacha kuogopa."

Kaka mkubwa wa Fundi ndiye aliyeleta wazo la bweni. Alikuwa karani wa shule moja iliyo mbali, safari ya kutwa nzima, na alikuwa mtu mwema aliyeamini kengele. Huko, alisema, watoto wanaamka pamoja, wanakula pamoja, wanasoma pamoja, na mvivu hana pa kujificha. Angemtafutia Chiriku nafasi ya mwezi wa kwanza, mradi fomu irudi ikiwa imejazwa kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Mtoto angekuwa ametimiza miaka minane.

Fundi akatengeneza sanduku. Akalipaka rangi ya kijani, akaandika juu ya kifuniko herufi za jina la binti yake, akalisukuma chini ya kitanda cha mtoto. Kisha akawakusanya wote wawili, mama na mtoto, akasema, "Muhula mmoja. Tunampeleka hapa shule ya jirani. Akiingia kumi bora, anabaki nyumbani. Asipoingia, anakwenda kwa baba yake mkubwa." Usiku ule na kila usiku uliofuata Chiriku alilala amenyooka katikati ya kitanda, mbali na kingo.

Shule ya jirani ilikuwa ile ambako watu walipeleka watoto wao baada ya kukosa pengine. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwenye sauti ya kawaida sana, ambaye alitoa nusu ya madawati nje na kutandika mikeka. Wazazi walimpa jina la Mwalimu Mkeka kabla hawajamwona. Katikati ya muhula aliandika ripoti. Fundi alipoipokea aliisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga kama mtu anayetafuta tundu kwenye bati. Namba haikuwepo. Palikuwa na mistari mitatu: Anauliza maswali mazuri akiwa na mwenzake mmoja au wawili. Mbele ya wengi hunyamaza. Anapenda maji.

"Anapenda maji," Fundi alimwambia mkewe. "Hata bata anapenda maji."

Hivyo ndivyo alivyojikuta kwenye mkutano wa wazazi, amebanwa kwenye dawati la mtoto, magoti karibu na masikio. Chumba kilijaa. Muuza nyama wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alisimama wa kwanza.

"Mwalimu, mimi nikipima kilo nasema ni kilo. Mwanangu ni wa ngapi?"

"Sijawapanga, mzee wangu."

"Basi nipangie huyu mmoja. Yuko juu au chini?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, jambo lililowakera zaidi. Akasema kijana wa muuza nyama anajua kugawa vitu sawasawa kuliko mtoto yeyote darasani, lakini akishika kalamu mkono unatetemeka, na kwamba anaweza kueleza kwa nini.

"Mkono unatetemeka kwa sababu mnacheza," muuza nyama alisema. "Samaki mkunje angali mbichi, mwalimu. Akikauka atavunjika."

Hapo Fundi akasimama, dawati likainuka naye, akalirudisha chini kwa mkono. "Mimi sikuja kugombana. Kuna fomu ya bweni inayonisubiri. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja lazima nijue kama mtoto wangu abaki au aende. Nipe namba. Hata kama ni mbaya, nipe tu."

Watu wakageuka kumtazama, maana kila mtu alimfahamu na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba.

"Namba sina, Fundi," mwalimu alisema. "Nikikupa nitakuwa nimeitunga. Lakini nimewaandalia wazazi Jumamosi tatu. Njoo uone darasa hili linafanya nini, na uone binti yako anafanya nini ndani yake. Baada ya hapo amua mwenyewe, wala sitakuuliza."

"Yaani unataka kutufundisha sisi?"

"Nataka mjifunze. Kufundisha nitafundisha kidogo tu."

"Haya jamani," muuza nyama akasema, "tumerudi darasa la pili na mvi zetu."

Fundi hakuamini hata nusu ya aliyoyasikia. Alikwenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani, na kazi ya kumtoa mtoto wake mkiani alikuwa ameshaianza.

Jumamosi ya kwanza walifika wazazi kumi na tisa. Mwalimu Mkeka aliwaeleza kwa maneno mepesi. Mtoto si chombo kitupu. Anakuja na kitu chake tayari, na mtu mzima ana kazi nne: kumwandalia mahali, kumtazama, kumuuliza, na kusubiri. Hilo neno la mwisho alilitamka kama mtu anayetaja ufundi unaochukua miaka. Halafu akawaomba Jumatano waje pamoja na watoto wao, kila mmoja na makopo, chupa au chochote kilichopo nyumbani, wapime maji pamoja.

Fundi alisikia neno makopo, na baada ya hapo hakusikia kitu. Alirudi kibandani, akafungua bati mpya iliyokuwa imehifadhiwa kwa kazi ya mteja, na kwa siku tatu akakata, akakunja, akalehemu. Alitengeneza vikombe vya kupimia thelathini na viwili, kimoja kwa kila mtoto wa mikekani, vyenye mishikio laini, na ndani ya kila kimoja akachonga mstari wa nusu na mstari wa robo. Jumatano akavibeba shuleni ndani ya karai, vimefunikwa kwa kitambaa. Vilipofunuliwa, chumba kizima kiliguna kwa uzuri wake.

Wazazi wengine walikuja na chupa za mafuta, mabirika bila vifuniko, kopo la rangi. Fundi alivitazama vitu hivyo kama mtu anayetazama wageni waliokuja harusini na malapa. Akagawa vikombe vyake. Halafu akasimama katikati ya mikeka, akaanza kazi.

"Usikigonge hicho, mwanangu. Shika mshikio. Mshikio huo, si huu. Wewe, mikono ina matope, kaoshe kwanza. Polepole kwenye mstari. Umepita mstari."

Alipofika kwa Chiriku alichuchumaa nyuma yake, akaufunika mkono wake kwa mkono wake mwenyewe, akamimina maji hadi robo kamili, bila tone kupotea. "Umeona?" akamwambia. "Robo." Mtoto alikuwa akitazama dirishani.

Wengine walipoondoka mwalimu alimsaidia kuvikusanya vikombe. Vyote vilikuwa visafi.

"Kazi hii nzuri sana, Fundi. Sijawahi kuona kama hii."

"Asante, mwalimu."

"Nikuulize. Leo nani amejifunza kupima?"

Fundi alifungua mdomo kusema watoto, akaufunga. Alikuwa mtu wa hasira za haraka lakini hakuwa mwongo. Alishika kikombe kimoja, akakizungusha mkononi. "Mimi nilijua tangu zamani," akasema hatimaye.

"Hata mimi najua ulijua." Mwalimu hakutabasamu. "Nina kazi moja ya kukupa, si ya kutengeneza kitu. Mtazame binti yako kwa saa nzima akifanya jambo alilolichagua mwenyewe. Usiseme. Usisaidie. Usirekebishe. Halafu uandike ulichoona, si unachofikiri."

"Kazi hiyo tu?"

"Jaribu kwanza, ndipo uniambie kama ni hiyo tu."

Jaribio la kwanza lilidumu dakika nne. Chiriku alikuwa akipanga vipande vya bati kwa ukubwa, akaruka kimoja, na baba akasema, "Hicho." Basi, ikaisha. Jaribio la pili alijikalisha juu ya viganja vyake mwenyewe, na mkewe aliporudi akamkuta katika hali hiyo akauliza kama amechomwa na lehemu. Dakika kumi na moja. Jaribio la tatu hakusema kitu lakini alivuta pumzi kila mtoto alipokosea, pumzi ndefu kama ya mvukuto wa wahunzi wa zamani, na mtoto akaacha alichokuwa akifanya, akaketi mikono mapajani, akisubiri kuambiwa.

"Acha basi," mkewe alisema. "Mwambie mwalimu umeshindwa."

"Mimi nimeshindwa na bati gani?"

"Huyu si bati."

"Najua si bati. Bati ingekuwa imeshatii."

Aliwaza siku mbili, na alipata njia ambayo asingeipata mtu mwingine yeyote. Jumapili mchana, kibanda kikiwa kimefungwa kwa wateja, alisugua vipande vyote vya mabaki kwa tupa hadi kingo zikawa butu, akaweka ndoo ya maji, makopo mawili matatu na bakuli sakafuni, akamwambia binti yake, "Cheza unavyotaka, mimi nipo tu." Kisha akatia ribiti sita mdomoni na kuketi pembeni. Ukiwa na ribiti mdomoni, husemi. Ulimi wake ulilijua hilo kwa miaka ishirini na mitano. Hata kuvuta pumzi kubwa hakuthubutu, asije akazimeza. Mikono akaipa kazi ya kushika penseli na karatasi.

Hivi ndivyo alivyoandika, kwa herufi zake kubwa za polepole, na karatasi hiyo ipo.

Aliandika kwamba mtoto alichukua kopo refu jembamba na bakuli fupi pana. Alijaza kopo, akamwaga kwenye bakuli. Halikujaa. Akajaza tena, akamwaga. Bado. Akamwaga mara ya tatu, bakuli likajaa, na kwenye kopo maji yakabaki. Alisema peke yake, "Mawili na kidogo." Akarudia yote tangu mwanzo. Akasema tena, "Mawili na kidogo." Akakaa muda mrefu akiutazama ukuta. Hapo Fundi aliandika kwamba alidhani mtoto amechoka, halafu akakata sentensi hiyo, kwa kuwa ilikuwa fikra, haikuwa kitu alichokiona.

Mtoto akaenda kwenye mabaki. Akachukua ukanda wa bati, akauzungusha juu ya kifuniko cha zamani, akaufunga kwa kamba. Alikuwa akitengeneza chombo cha kubeba ile kidogo iliyomalizia bakuli. Kilivuja. Akaifunga kamba upya. Kikavuja. Baba alijua mishono mitano ya kukizuia, na yote ilimkaa kwenye vidole kama sisimizi. Mtoto akatoka nje, akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia, akakilainisha kwa maji, akakikandika kwenye mshono kwa kidole gumba, kama alivyowahi kuona mama yake akiziba ndoo. Hakikuvuja, au kilivuja polepole kiasi cha kumtosha. Akaupunguza ukanda, akafunga upya, akakandika upya, mpaka chombo kikashika ile kidogo bila kupungua wala kuzidi. Kisha akakitumia kujaza kopo refu. Moja. Mbili. Tatu. Kopo likajaa hadi ukingoni.

"Kidogo tatu ni kopo moja," Chiriku alisema. Aliongea na kopo, kama zamani alivyoongea na mvua.

Fundi alivikumbuka vikombe thelathini na viwili alivyovichonga kwa siku tatu. Nusu na robo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na theluthi, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeihitaji.

Mtoto akageuka. "Baba, kwa nini unakula ribiti?"

Alizitema kwenye kiganja. Saa ilikuwa imepita kwa dakika kumi na tano. "Nilikuwa nafanya kazi niliyopewa na mwalimu wako," akasema.

"Umepata?"

"Sijui bado. Niambie, hiyo kidogo, umejuaje kuikata sawasawa?"

Alimuuliza, na alisubiri. Chiriku akaanza kueleza, na maelezo yakaenda mbali, yakapita kwenye sabuni, yakapita kwenye rafiki yake wa mkekani anayesema maji ni mazito kuliko wali, na mama alipoita chakula walikuwa bado hawajafika mwisho.

Kaka mkubwa alikuja Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho wa fomu. Alivaa tai. Alikaa kwenye kiti kizuri, akakunywa maji, akaiweka fomu mezani na kalamu juu yake.

"Nimekubakizia sehemu ya sahihi tu, mdogo wangu. Nyingine nimejaza mwenyewe."

"Asante kaka. Lakini sijaamua."

"Hujaamua nini? Ulisema kumi bora. Ni wa ngapi?"

"Hawatoi namba."

"Basi hujui kama ni wa kwanza au wa mwisho."

"Sijui."

Fundi akaleta karatasi yake, akaisoma yote kwa sauti, polepole, akifuata kwa kidole. Kaka alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sabuni," akasema. "Atapeleka sabuni kwenye chumba cha mtihani?"

"Hapana. Atapeleka kichwa kilichotafuta sabuni."

"Maneno matamu. Umefundishwa na yule mwalimu wa mikeka. Mtoto akiharibika hutamfuata yeye, utanifuata mimi, na nafasi itakuwa imekwenda. Samaki anakunjwa..."

"Kaka, kukunja ndiyo kazi yangu. Tangu nianze, hakuna nilichokikunja kikaniuliza swali."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo zake za zahanati, akasema, "Shemeji, samahani. Sisi watatu tumezungumza miezi sita juu ya mtoto huyu. Kuna aliyemuuliza?"

Wanaume wakatazamana. Ni kweli hakuna aliyemuuliza. Chiriku akaitwa. Alisimama ameshika ukingo wa meza, mabega yakiwa juu, na kwa muda ilionekana atanyamaza kama kawaida yake mbele ya watu. Baba yake hakumhimiza. Alikuwa na ulimi umegusa nyuma ya meno, mahali ribiti hukaa.

"Baba mkubwa," mtoto akasema, "huko kwenu mtu akitaka kuuliza anafanyaje?"

"Anasubiri mwalimu amalize, kisha ananyoosha mkono."

"Mwalimu akimaliza, kengele hailii?"

Kaka alikuwa karani, lakini alikuwa mkweli vilevile. Alifikiri. "Mara nyingi inalia, ndiyo."

"Sasa yale maswali yanakwenda wapi?"

Kaka akaichukua kalamu, akaiangalia, akaifunga.

"Nisikilize, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Unaweza kuwa unakosea."

"Naweza," Fundi alisema. "Nimekosea shule mbili na nyundo moja. Nikikosea tena, nitakuwa nakosea huku namwona. Habebwi kwenda popote mpaka aombe mwenyewe." Akaikunja fomu mara mbili, mkunjo wa fundi, ulionyooka, akamrudishia kaka yake kwa mikono miwili.

Waliagana bila ugomvi, ila kaka hakurudi kwa mwaka mzima. Jumatatu iliyofuata Fundi aliliburuta sanduku la kijani kutoka chini ya kitanda, akazisugua herufi kwa msasa, akaliweka mbele ya kibanda pamoja na mengine. Lilinunuliwa kabla ya saa sita na msichana wa miaka kumi na minne aliyekuja na shangazi yake na aliyekuwa na hamu kubwa ya kwenda bweni. Fundi alimwongezea kufuli bure.

Hakuna muujiza uliofuata. Chiriku alisoma polepole kwa muda mrefu, na baba alitumia jioni nyingi akimsikiliza akikwama kwenye neno lilelile, ulimi ukimwasha kumalizia. Darasa la nne kulikuwa na mtihani wa wote, wenye namba, na namba yake ilikuwa ya katikati kabisa. Muuza nyama alimuuliza Fundi kama ameridhika. Alijibu kwamba siku hizi nyumbani kwake hapati nafasi ya kusema chakula kina chumvi, kwa jinsi mtoto anavyoongea. Muuza nyama akasema hilo si jibu. Fundi akakubali kwamba si jibu, akaendelea kupaka lehemu. Mwezi uliofuata muuza nyama mwenyewe alikuja Jumamosi shuleni, akaketi, akampa mwanawe jiwe la mizani la gramu mia achezee, na akadumu dakika tisa.

Kwa maana wazazi waliendelea kuja, na Mwalimu Mkeka aligundua kwamba wanaume waliokuwa wakimbishia yeye hawakuweza kumbishia mtu mwenye makovu ya lehemu hadi kiwikoni. Fundi hakujua nadharia. Aliwaambia tu mambo matatu aliyoyafanya vibaya, kwa mpangilio, kisha akawaambia waende nyumbani wakatazame kwa saa nzima. Ilipofika wakati mifereji ya paa la shule imeoza, mwalimu mkuu alimpa chumba cha ghala kilichokuwa wazi nyuma ya madarasa, kwa makubaliano kwamba atayatunza mapaa yote. Hivyo akafungasha mikasi, nyundo na viti viwili, akaiacha kona yetu.

Yuko huko mpaka leo, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji. Asubuhi anapima na kukata, kazi isiyo na kelele, na nyundo anaishika baada ya saa nane mchana, madarasa ya chini yakishatoka. Jumamosi ya pili ya kila mwezi anakutana na wazazi wapya. Mara ya mwisho walikuwa kumi na wanne. Binti yake yuko darasa la tano katika shule hiyohiyo.